Waganga Wengi Kando ya Kitanda

Labda siku moja utapelekwa hospitali ya Universite ya Kinshasa, juu ya kilima cha Mont-Amba. Universite hii ilianza mwaka 1954 kwa jina la Lovanium. Tangu 1971 ni ya serikali. Hospitali yake ina kazi tatu: kutibu, kufundisha, na kuchunguza magonjwa.

Kwa hiyo asubuhi utaona vijana wengi wenye kanzu nyeupe wamekuzunguka. Usidhani kwamba unakaribia kufa! Wanajifunza, na mwalimu wao yupo kuwasahihisha. Uliza ni nani mganga wako. Ukiona haya, sema; mwanafunzi asikuguse bila ruhusa yako.

Wengine hunung'unika, "Wanachukua damu yetu bure." Mwaka 1976 watu wa Yambuku walikufa kwa homa isiyojulikana. Jean-Jacques Muyembe, mwalimu wa universite, alikwenda huko, akachukua damu ya wagonjwa bila kuvaa kitu mikononi. Damu ya mtawa mmoja ilipelekwa Ubelgiji, na ndani yake kilionekana kijidudu kipya, kile cha Ebola.

Basi wakiomba damu yako kwa uchunguzi, uliza ni ya kazi gani, ndipo ukubali au ukatae.