Nyekundu Kumi na Mbili za Leso Moja

Mwana wa ndugu yangu aniita nikatazame leso anayoichora kwa kompyuta kwa harusi ya dadake. Jina la leso nimeombwa nilitunge mimi.

Msomaji, mimi nimezoea kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Binti huyu alikuwa na nyekundu kumi na mbili, zote kazitoa katika moja!

"Si uchawi, ami," akanambia. Rangi ya kiooni ni mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na kila mmoja una daraja 256. Ukizizidisha wapata rangi 16,777,216. Lakini hakuzichota ovyo. Aliishika nyekundu ya kisutu, akaiongeza mwanga na kuipunguza hatua kwa hatua, kisha akaupoza ukali wake. Zikatoka tangu komamanga lililoiva hadi waridi lililopauka, ndugu wa tumbo moja. Za giza akaziweka kwenye pindo, nyepesi mjini.

Nikamwuliza, ni nani atakayezipiga chapa? Kwa chapa ya fremu, kila rangi yataka fremu yake, na kila fremu ni fedha. Leso za bibi zetu hazikuwa na rangi chache kwa upofu wa macho! Mashine za wino huzichapa zote kwa mara moja, ila wino haung'ai kama kioo.

Akafuta nane. Nne zilizobaki akazichapa kwenye kipande cha pamba, tukatoka nacho uani, tukakilinganisha juani na kisutu cha marehemu mama.

Moja tu ndiyo iliyofanana. Jina bado sijalitunga.