Mchicha Niliouunguza kwa Mbolea ya Kuku

Mwaka jana, katikati ya semista, mama mwenye nyumba wangu hapa Morogoro alisafiri kwenda Kilosa kumuuguza dada yake. Aliniachia kuku wa nyama mia moja na matuta manne ya mchicha. "Mwanangu, wewe mwagilia maji tu," aliniambia. "Mengine nitakuja kufanya mwenyewe."

Mimi nikajifanya mjuaji. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili, boom halijatoka, nikaona hapa ndipo pa kumfurahisha. Nikafagia banda, nikapata viroba viwili vya kinyesi kibichi, nikamwaga chote kwenye matuta. Siku ya tatu ncha za majani zikawa za kahawia. Wiki haijaisha, matuta matatu yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto.

Aliporudi hakugomba. Alisema tu, "Huo ndio ulikuwa wa kulipia umeme." Bora angenifokea.

Nasoma ualimu, sio kilimo. Ila aibu ile ilinipeleka maktaba, kisha kwa wenzangu wanaosoma kilimo. Haya ndiyo niliyojifunza, na baadaye nikayafanya kwa mikono yangu.

Kwanza, kwa nini mchicha uliungua? Kuku hana mkojo wa peke yake kama ng'ombe. Kila kitu hutoka pamoja, na ule weupe unaouona kwenye kinyesi ni asidi ya yuriki, yenye naitrojeni nyingi. Ikipata unyevu, bakteria huigeuza kuwa amonia. Naitrojeni ni chakula cha mmea, lakini ikija kwa mkupuo, pamoja na chumvi zilizomo kwenye kinyesi, inaunguza mizizi. Tena kinyesi kibichi kinaweza kubeba vijidudu kama salmonela, na mchicha ni mboga ya chini, inayorukiwa na udongo.

Dawa yake ni kukiozesha kwanza kiwe mboji. Bakteria wanaofanya kazi hiyo wanataka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Kinyesi kitupu cha kuku kina kaboni sehemu 10 hivi, au pungufu. Kwa hiyo unaongeza vitu vikavu: majani makavu ya mwembe, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, maranda ya mbao. Mimi nilipima kwa ndoo: ndoo moja ya kinyesi kwa ndoo mbili hadi tatu za vitu vikavu. Kama kinyesi chako kimeshachanganyika na maranda ya bandani, punguza.

Panga kwa matabaka, ukinyunyizia maji kila tabaka. Kipimo cha maji ni rahisi: fumbata mchanganyiko mkononi na ubane. Ukidondosha tone moja mawili, umepatia, ukichuruzika, umezidisha. Rundo lifike angalau mita moja kwenda juu na mita moja kila upande, maana rundo dogo halitunzi joto. Lifunike kwa turubai, mvua isioshe mbolea yako ikaipeleka kisimani kwa jirani.

Ndani ya siku chache rundo linachemka. Mimi nilichomeka kipande cha nondo katikati. Nikikichomoa na kushindwa kukishika, najua kazi inaendelea. Joto linalotakiwa ni nyuzi 55 hadi 65 za sentigredi. Hapo vijidudu vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu zinakufa. Geuza rundo kila wiki, cha nje kiingie ndani, hewa ipite.

Pua yako ndiyo mwalimu. Ukisikia harufu kali ya amonia, naitrojeni inapaa hewani, ongeza vitu vikavu. Ikinuka kama yai viza, hewa haipiti au maji yamezidi, geuza. Na unapofanya haya funika pua, vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni.

Baada ya wiki sita hadi nane joto linashuka hata ukigeuza. Usikimbilie bustanini! Iache ipumzike mwezi mmoja zaidi. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inamung'unyika, na inanukia udongo wa baada ya mvua. Kabla ya kuitumia, changanya kidogo na udongo kwenye kopo, panda mbegu za mchicha. Zikiota vizuri, tandaza kimo cha sentimita mbili tatu juu ya tuta na uchanganye na udongo.

Jumla ni miezi mitatu, karibu semista nzima. Ukweli ni kwamba mboji haidesiwi usiku wa kuamkia mtihani.

Nilipomaliza nilimwomba mama tuta moja tu nijaribu. Akanipa lile lililoungua vibaya kuliko yote. Wiki ya nne mchicha ulikuwa umenifika magotini. Alikata mafungu yake bila kusema neno, akapeleka gengeni, na jioni nikakuta fungu moja mlangoni kwangu.

Kodi alinidai vilevile, nikalipa boom lilipotoka. Ila siku hizi akitaka kufagia banda, ananiita kwanza: "Mwanangu, hiki tunakimwaga wapi?"