Elimu ya Mwanamke: Mafundisho ya Uislamu na Desturi za Pwani

Mchungaji anayetumwa kuhudumu Temeke au Kinondoni huukuta usharika wake umezungukwa na majirani Waislamu. Pengine husikia washarika wakisema kwamba Uislamu humkataza mtoto wa kike kusoma. Makala hii yakusudia kulichunguza neno hilo, maana Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo.

Kwanza, tuyatazame mafundisho yenyewe. Waislamu huamini kwamba wahyi wa kwanza alioupokea Muhammad, ulio mwanzo wa sura ya 96 ya Kurani, ulikuwa amri ya kusoma. Hadithi mashuhuri iliyomo katika mkusanyo wa Ibn Majah huhesabu kutafuta elimu kuwa faradhi ya kila Mwislamu, na wanazuoni hufasiri kwamba wanawake nao wamo. Aisha, mkewe Mtume, ni miongoni mwa wapokezi wakuu wa hadithi. Masahaba wanaume walimwendea kuuliza mambo ya dini.

Pili, ni desturi. Miongoni mwa Wazaramo, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa hata siku ya kutolewa nje na kuozwa. Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti Bunju katika miaka ya 1960, aliieleza mila hiyo katika kitabu chake cha 1970. Asili yake ni ukoo na jando na unyago, wala si Kurani. Lakini masomo ya wengi yalikatikia hapo. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, aliozwa akiwa msichana mdogo. Hata hivyo mwaka 1955 aliongoza tawi la wanawake la TANU.

Tatu, ni historia. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi Waislamu walichelea mtoto asije akabatizwa. Hofu hiyo haikuwa bure, kwa kuwa shule ilikuwa njia ya uinjilisti. Sheria ya Elimu ya 1969 ilifungua njia ya shule hizo kutwaliwa na serikali, na mwaka 2005 Waislamu walipata chuo kikuu chao Morogoro, kinachopokea wanawake na wanaume.

Tena tusidhani kwamba tatizo ni la dini moja. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, awe Mkristo au Mwislamu. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu hivyo vyapingana na Katiba.

Basi, mchungaji asikiapo kwamba binti wa jirani anaachishwa shule, asihubiri dhidi ya Uislamu. Amwendee imamu wa mtaa, waende pamoja kwa mzazi. Maana hoja ya kumtetea binti huyo imo ndani ya dini yake mwenyewe. Naye awaulize washarika wake vilevile: mabinti zetu je, wanasoma?