Kufungua Kabla ya Kumwaga: Oili ya Giaboksi na Istilahi za Karakana

Katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet, gari bovu ni hasara kubwa. Majani yakishachumwa huanza kunyauka. Hivyo basi, lori likikwama mlimani kabla ya kufika kiwandani, jasho la mkulima huharibika. Miinuko hiyo huichosha giaboksi, nayo giaboksi huishi kwa oili. Makala haya yananuia kufafanua jinsi oili hiyo inavyobadilishwa, na jinsi neno linavyoweza kumwongoza fundi au kumpoteza.

Aghalabu giaboksi ya gia za mkono huwa na vizibo viwili: cha kujazia, kilicho ubavuni, na cha kumwagia, kilicho chini. Kazi yenyewe huitwa "kumwaga oili", na jina hilo humfanya mwanagenzi aanzie chini. Fundi mzoefu hulegeza kwanza kizibo cha kujazia. Kikiwa kimeshikwa na kutu na kukataa kufunguka, oili ya zamani ingalimo na gari litafika penye msaada. Aliyetangulia kumwaga hubaki na gari lisiloweza kwenda popote. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Isitoshe, kitenzi "kumwaga" kina mtego mwingine. Oili chakavu haipaswi kumwagwa bali kukingwa kwa karai, kwani maji ya mto kama Kipsonoi huingia Sondu na hatimaye Ziwa Victoria. Hukingwa ingali na uvuguvugu, kwa kuwa hapo hutiririka kwa wepesi na kutoka na chembe za chuma.

Kujaza nako kuna utaratibu wake. Kwa kuwa tundu liko ubavuni, oili mpya huingizwa kwa pampu ya mkono, au kwa mpira mrefu uliotiwa faneli juu. Katika magari mengi, oili hutosha inapoanza kuchuruzika kwenye ukingo wa chini wa tundu. Kwa sababu hiyo gari sharti lisimame mahali tambarare. Likiinama, kipimo hudanganya.

Hali kadhalika, neno "oili" peke yake halitoshi. Oili ya gia yenyewe ina madaraja, yakiwemo GL-4 na GL-5. Baadhi ya oili za GL-5 zina viambato vya salfa vinavyoweza kuzila pete za aloi ya shaba zinazolainisha uingiaji wa gia. Anayeagiza "oili ya gia" bila kutaja daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari anaweza kununua uharibifu kwa fedha zake mwenyewe.

Karakana za eneo hili huwakutanisha Wakipsigis na watu wa jamii nyinginezo, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Kwa hivyo, usahihi wa istilahi si pambo la darasani. Mwanaisimu anayetafiti istilahi za ufundi hana budi kuyasikiliza maneno haya chini ya gari, yanakofanya kazi.