Asiyejua Kusoma Aketi na Mwalimu Peke Yake

Ingia katika darasa la Gredi ya Tatu, iwe ni Makongeni mjini Thika au Kimbo kule Ruiru, uketi nyuma usikilize. Mwalimu anasoma sentensi moja, nalo darasa zima linaitikia kwa kishindo. Mgeni atafurahi akidhani kila mtoto anasoma. Mwalimu mzoefu hadanganyiki. Anajua kwamba katika kishindo hicho wamo ambao macho yao hayapo kitabuni. Wanaimba tu waliyoyakariri. Mwite mmoja asome pekee, atatazama viatu vyake.

Huyo ndiye mtoto ninayemtetea leo.

Elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bila malipo mwaka 2003, wengi waliokosa nafasi waliipata. Mji wa Ruiru nao umefurika: sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 239,000, na ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 490,000. Mwaka 2015 mpango wa Tusome ulianza kugawa vitabu ili kila mwanafunzi wa madarasa ya chini awe na chake. Hatua hizo zastahili pongezi. Hata hivyo, kitabu hakina masikio. Hakiwezi kusikia mtoto alipokwama.

Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kurudishwa darasa. Nia ni njema, kwani fedheha haimfundishi mtu kusoma. Lakini matokeo yake ni kwamba asiyejua kusoma hupanda darasa pamoja na wenzake, na kila mwaka vitabu huzidi kuwa vigumu. Kufikia Gredi ya Sita, hesabu, sayansi na dini zote zimemfungia mlango mmoja.

Dawa yake yajulikana. Katika miaka ya 1970, Marie Clay wa New Zealand alibuni utaratibu wa mwalimu mmoja kuketi na mtoto mmoja wa miaka sita kwa nusu saa kila siku, kwa majuma 12 hadi 20. Utaratibu huo ulienea hadi Uingereza na Marekani. Baadaye wataalamu wengi waliukosoa kwa kumzoesha mtoto kukisia maneno kwa kutazama picha. Sisi tuichukue ile nusu saa, tuuache ukisiaji. Kiswahili hakina haja nao, kwa maana silabi zake husomwa jinsi zilivyoandikwa.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Mpe mtoto herufi, kisha silabi, kisha neno, kisha aya, kisha hadithi fupi. Anapokwama, hapo ndipo pa kuanzia, hata kama yuko Gredi ya Nne. Ukimsikiliza peke yake utagundua mengi yanayofichwa na kishindo cha darasa: huyu anachanganya "kula" na "kura" kwa kuathiriwa na Kikuyu cha nyumbani, yule hatofautishi "ng" na "ng'", na yule mwingine, kumbe, haoni vyema ubao.

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 atauliza: nusu saa hiyo itatoka wapi? Swali ni la haki. Hatuombi nusu saa kwa kila mmoja, bali kwa wale wachache waliokwama kabisa. Wala mzigo si wake pekee. Thika na Ruiru zina walimu wastaafu na wanafunzi wa vyuo vikuu, na Thika ina maktaba ya umma. Mwanafunzi wa darasa la juu aliyeelekezwa vyema anaweza kumsikiliza mdogo wake akisoma kila adhuhuri.

Jambo moja tuliepuke. Msaada huu usigeuzwe tuisheni ya kulipiwa. Mtoto wa mama anayedamka alfajiri kutafuta kibarua ndiye anayeuhitaji zaidi, naye ndiye atakayefungiwa nje na ada. Wala asiitwe mbele ya wenzake kama mgonjwa. Aketi chini ya mti, kando ya mtu asiyemcheka.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu mwenzangu, Jumatatu ijayo mteue mtoto mmoja tu, yule anayetazama viatu. Nawe mwanafunzi unayeweza kuusoma ukurasa huu, kumbuka kwamba yuko mtu aliyekusikiliza ulipokuwa ukibabaika. Deni hilo hulipwa kwa kumsikiliza mwingine.