Pindo, Mji na Jina: Namna ya Kupamba Albamu ya Picha kwa Mkono

Msikilizaji, simu yako ina picha ngapi za mama yako? Na kati ya hizo, ngapi ziko kwenye karatasi? Simu ikidondoka baharini au ikiibwa stendi, picha huenda nayo. Ndiyo maana wasikilizaji wengi, hasa kina mama na vijana wa shule, wanarudi kwenye kazi ya zamani: kutengeneza albamu kwa mkono na kuipamba.

Shangazi yangu wa Pangani aliifanya kazi hiyo mapema. Alichukua kaunta buku, akabandika picha za ukoo kwa uji wa unga wa ngano, kisha akazizungushia maua aliyoyakata kwenye karatasi za zawadi. Tulipolifungua miaka mingi baadaye, maua yalikuwa bado yanang'aa. Lakini picha ya bibi akiwa kwenye kivuko cha kwenda Bweni ilikuwa imeliwa na wadudu, nusu ya uso haipo. Pembeni yake amesimama mwanamke mwenye kikapu. Hakuna aliye hai leo anayemjua, na shangazi hakuandika jina.

Makala hii inaeleza mapambo yanayopendwa na yasiyo na gharama kubwa, na namna ya kuyafanya bila kuiharibu picha yenyewe.

Ukurasa upangwe kama kanga

Anayeanza kazi hii hujiuliza: picha niiweke wapi, na maua niyaweke wapi? Jibu liko kwenye kanga. Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yanayokaa chini ya mji. Upange ukurasa wako hivyo hivyo. Pindo ni mapambo ya ukingoni, mji ni picha, jina ni maandishi. Mapambo yakishakaa kwenye pindo, hayaigusi picha wala hayashindani nayo.

Kupamba pambizo si jambo geni pwani yetu. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate karibu na Lamu, wanakili wa karne ya 18 na 19 waliandika Misahafu kwa mkono na kuzizungushia kurasa zake nakshi za rangi, hasa nyekundu, nyeusi na njano. Maandishi yalikaa katikati, nakshi zikayazunguka.

Pindo la kukunja na kukata

Hili ni pambo linalofanana na yale tunayotundika kwenye Maulidi na harusi. Kata ukanda wa karatasi ya rangi wenye upana wa sentimita 3. Ukunje mbele na nyuma kama marinda ya sketi ya shule. Chora nusu ya ua kwenye mkunjo wa juu, kisha ukate tabaka zote kwa pamoja, lakini usikate mikunjo yote miwili hadi mwisho, la sivyo maua yataachana. Ukiukunjua utapata maua yaliyoshikana mikono. Tumia karatasi nyembamba, kwa sababu manila ikikunjwa mara nyingi mkasi unashindwa.

Kama una ndugu anayechora hina, mpe peni nyeusi. Maua na majani anayoyachora mikononi mwa bibi harusi yanakaa vizuri kabisa kwenye pindo la ukurasa.

Kusuka karatasi kama mkeka

Kata vipande vyembamba vya karatasi za rangi mbili, kila kimoja upana wa sentimita 1. Panga vya rangi ya kwanza wima, kisha pitisha vya rangi ya pili kwa mlalo: juu, chini, juu, chini. Mstari unaofuata uanze chini. Ukili wa mkeka husukwa kwa mshazari, lakini kwa karatasi njia hii iliyonyooka ni rahisi zaidi, hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Kipande kilichosukwa kinafaa kuwa kava la albamu.

Kwa kava, mifuko ya kaki ni mizuri na migumu. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kaki haikosekani nyumbani. Ila iishie kwenye kava. Kaki na gazeti vina asidi, na picha ikilala juu yake kwa miaka hugeuka rangi. Ndani tumia karatasi nyeupe nzito.

Muhuri wa bamia

Kata bamia kwa mkato wa kukingama. Utaona umbo la nyota au ua. Lifute maji, lichovye kwenye rangi ya maji iliyomiminwa juu ya sponji, kisha ligonge taratibu kwenye karatasi. Bamia moja linatoa maua mengi kabla halijalainika. Kiazi nacho kinafaa: kikate nusu, kisha uchonge umbo la samaki, dau au korosho.

Wengine hutumia manjano ya jikoni kama rangi. Inapendeza sana siku ya kwanza, lakini hupauka haraka ikipigwa na jua. Pia subiri muhuri ukauke kabisa kabla ya kufunga ukurasa, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu na kurasa zitagandana.

Pembe badala ya gundi

Hapa ndipo shangazi alipokosea. Uji wa ngano ni chakula. Mende na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani huufuata uji, kisha hula na karatasi. Selotepu nayo hugeuka njano na kuacha doa.

Njia salama ni kutengeneza pembe. Kata vipande vinne vya karatasi nyeupe, kila kimoja mraba wa sentimita 3. Kunja kila kimoja kiwe pembetatu yenye mfuko, uvike kwenye kona za picha, kisha upake gundi nyuma ya mfuko tu na kuubandika kwenye ukurasa. Picha inashikwa lakini haijagusa gundi. Siku ukitaka kuitoa kwenda kuitengenezea nakala, inatoka nzima.

Kushona kwa katani

Toboa matundu matatu upande wa mgongo wa albamu, kisha pitisha uzi wa katani kwa sindano kubwa. Mkonge ni zao letu: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na 62 tu iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mashamba ya Tanga yalianzia hapo.

Mwisho wa uzi unaweza kuvika shanga za karatasi, kama zinazotengenezwa na kina mama wa Uganda. Kata pembetatu ndefu kutoka jarida la zamani, urefu wa sentimita 30 na kitako cha sentimita 2. Izungushe kwenye njiti ya mshikaki ukianzia upande mpana, gundisha ncha, kisha upake vanishi.

Kabla ya kuanza, na baada ya kumaliza

Unapokwenda kusafisha picha studio, nenda na simu yenye picha halisi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa ubora. Omba karatasi ya picha, kwa sababu wino wa printa nyingi kwenye karatasi ya kawaida huchuruzika tone la maji likiugusa.

Albamu ikikamilika, usiiegemeze ukutani wala kuiweka sakafuni, hasa wakati wa masika. Usiifunge ndani ya nailoni ikiwa na unyevu. Iweke juu, kwenye kabati au sandukuni, na uifungue mara kwa mara ipate hewa.

Sasa turudi kwenye jina. Chini ya kila picha andika mambo matatu: nani, wapi, mwaka gani. Kama ni watu wengi, waandike kuanzia kushoto kwenda kulia. Usiseme kila mtu anamjua bibi. Sisi tulimjua bibi, lakini yule aliyesimama naye kivukoni, mwenye kikapu, hatumjui na hatutamjua tena.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kutafuta mkasi na rangi, kaa na mzee wa nyumbani, mwoneshe picha zilizomo kwenye simu yako, na uandike majina anayoyataja. Pindo unaweza kulikata hata mwezi ujao.