Kifua cha mzee wa carrière si karuho

Mashimo ya Bisie, katika Walikale, yalianza kuchimbwa mwaka 2002. Kijana aliyeingia mule na miaka 35, leo anakaribia 60. Yule wa Rubaya, katika Masisi, aliyeanza wakati bei ya coltan ilipopanda mwaka 2000, naye mvi zimetoka. Nyuma yao kuko wazee zaidi, wale wa SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 na kufa katika miaka ya 1990. Carrière zetu ziko na wazee sasa. Nani anawaangalia?

Ugonjwa wa kwanza ni kifua. Mzee anakohoa miezi, anakonda, akipanda kilima kidogo anasimama kutafuta pumzi. Nyumbani wanasema: "Walimulisha karuho." Mbuzi inauzwa, franga zinaenda kwa mganga wa kienyeji, kifua kinabaki vilevile.

Mara nyingi sababu iko katika vumbi. Mawe yenye quartz yakipasuliwa ao kutwangwa makavu, yanatoa vumbi laini sana, jicho haliioni. Inashuka mpaka ndani ya mapafu, inabaki mule, mapafu yanafanya makovu. Hiyo ndiyo silikosisi. Kwa kawaida inajionyesha nyuma ya miaka kumi ao zaidi, hata kama mutu aliisha kuacha kazi. Dawa ya kuiponya haiko. Tena mwenye silikosisi anashikwa na TB kwa urahisi kuliko wengine.

Lakini TB inapona. Dawa zake ni za bure, kwa kawaida miezi sita bila kukata. Na dalili zinafanana. Basi kikohozi kikipita wiki mbili, mupeleke mzee centre de santé, wapime makohozi. Amwambie munganga wazi: "Nilifanya carrière miaka fulani." Bila neno hilo, munganga anaweza kutibu TB tu na kusahau vumbi.

Ugonjwa wa pili ni tension. Hiyo haipigi hodi: mutu anajisikia muzima, kisha siku moja upande mmoja wa mwili unakufa. Dawa ya tension ni ya kila siku, si ya siku kichwa kinauma. Na vita inaikata. Januari 2025 M23 iliingia Masisi-centre, Machi Walikale-centre. Familia zilikimbia, dawa zikabaki nyumbani. Mama, weka dawa na fiche ya mzee katika kifuko kimoja, pamoja na carte d'électeur. Mukikimbia, kifuko kinakimbia nanyi.

Pesa je? CNSS inalipa pension kwa wale waliolipiwa cotisation; creuseur wengi hawamo. Katiba, kifungo cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa, lakini karatasi hainunui dawa. Kwa hiyo AVEC zenu na coopérative ziweke sanduku la wagonjwa tangu mikono ingali na nguvu.

Na ninyi vijana: mwagia jiwe maji mbele ya kulipasua. Mama anayetwanga, vilevile. Kitambaa puani hakizuii vumbi ile laini. Nguo za shimo zisilale chumba kimoja na watoto. Vumbi ya leo ndiyo kikohozi cha miaka kumi na tano ijayo.